Mkanda wa Hashil

Unguja haijazaa mtu mwingine mwenye majivuno kama Hashil, karani wa Mkunazini, na siku ikimzaa, Hashil atasema ni mjukuu wake!

Alipouvumbua wembe wa kukunja wa marehemu babu yake, pamoja na mkanda wa ngozi wa kuunolea, hakukukalika barazani.

"Mkanda huu," alitangaza, "umenoa wembe ulionyoa mabalozi!"

"Wa nyumba kumi?" aliuliza Junaid kinyozi.

Hashil alimtazama kama sisimizi kwenye halua. Ijumaa anamuoa Tahiya, binti wa Mzee Mcha wa Tumbatu. Bwana harusi wa nasaba yake anyolewe kwa kiwembe cha plastiki? Thubutu! Atajinyoa mwenyewe, kwa wembe wa babu!

Tabu ni kwamba mkanda ulikuwa umekauka kau, ukiukunja unalia.

"Ufute kwa kitambaa kibichi, ukauke kivulini," Junaid alimwelekeza. "Kisha mafuta matone tu, usugue kwa kiganja."

"Matone wape wagonjwa wa macho!"

Hashil huyoo, mpaka Malindi ya hapo hapo mjini, kwa mafundi wa mashua, akaomba mafuta mazito kuliko yote. Wakampa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua zisiingie maji. Mpenda sifa kapewa sifa, galoni zima!

Akauloweka mkanda kwenye beseni siku tatu. Ukavimba, ukalainika, ukanuka hata paka wa mtaa wakahamia ukumbini kwake na watoto wao. Pua ya Hashil ilishazoea. Yeye alisikia harufu ya utukufu tu.

Ijumaa akanoa, chwa! chwa! Wembe ukawa unachuruzika sifa, naye anajinyoa nao, anajipaka mashavuni. Akajifukiza udi, akavaa joho, akenda msikitini kuoa.

Lo! Udi na papa havikupatana hata kidogo. Safu ya mbele ikarudi nyuma yote. Shekhe akaisoma hotuba ya ndoa mbiombio, kanzu puani.

Mzee Mcha, aliyekuwa kamshika mkono bwana harusi tayari kumuozesha, akanusa. Akanusa tena. Hashil akaona ndoa inavunjika hapa hapa!

Mzee akalengwalengwa na machozi.

"Mwanangu, mbona ulijificha? Nimeambiwa wewe mtu wa kalamu. Nikawa nnaogopa, nnamuoza binti yangu kwa mtu asojua kazi. Kumbe unapaka mashua!"

Hashil akatazama kulia, akatazama kushoto. Aseme kwamba ni mafuta ya kunyolea?

"Naam, mzee," alijibu kwa sauti ndogo. "Kazi ya ukoo wetu hiyo."

Akaozwa papo hapo.

Siku ya tatu ya fungate, Hashil alikuwa chali ufukweni Tumbatu, chini ya mashua ya mkwewe, sifa zinamdondokea machoni. Mashemeji saba wamemzunguka, wamekuja kumtazama bingwa wa mjini.

"Samahanini," alisema, "hamna japo brashi?"

Mashemeji wakatazamana.

"Brashi?" aliuliza mkubwa wao. "Kwani ukoo wenu hauna mikono?"