Ua Jekundu kwenye Mpini

Jumatatu, 6 Oktoba

Kamiya, mshindani wangu, ameanza tena! Asubuhi ameweka kisu chake kipya cha kukunja mlangoni, ng'ambo ya barabara, ili nikione nikipiga mswaki. Mpini una samaki anayepanda maporomoko. Mji wetu wote wa Seki unapita ukisema lo, samaki, samaki! Jumamosi ni sikukuu ya visu, na kisu kimoja tu kitawekwa kwenye kabati la kioo la chama chetu cha wafua visu. Fusae, mke wangu, ameapa kwamba nikishindwa tena tunafunga karakana ya marehemu baba, nami naenda kutwanga mochi, zile keki za wali, kwa kaka yake. Mimi, mfua visu, nitwange wali! Thubutu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nichore nini? Korongo kila mtu anaye. Nilichora kobe wa maisha marefu, jirani akauliza kwa nini nimechora andazi. Nikafuta. Ndipo nikaukumbuka mti wetu wa kamelia unavyochanua wakati wa theluji. Ua jekundu, zito, la kifahari! Nimechonga kutwa na kulipaka vanishi. Zuri mno, machozi yamenitoka. Fusae kaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia kufikiri aniachie mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Habari njema! Mzee Hibino, mwenyekiti wa chama, ambaye ndiye anayechagua, amelazwa. Kapasuliwa tumbo. Kamiya anaogopa harufu ya hospitali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikavaa koti, huyo.

Mimi si mshamba. Najua kisu hakitolewi bure, hukata urafiki. Anayepewa hutoa sarafu ili ionekane kanunua. Basi nikamwomba mgonjwa sarafu. Akahangaika kuitafuta chini ya mto, mirija na yote. Akafungua kitambaa nilichokifungia kisu. Mkamwana wake akajishika mdomo. Mzee akaniuliza polepole, "Asakura, mwanangu, una haraka nami?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Ua la kamelia halipukutiki kidogo kidogo. Hudondoka zima, pu, kama kichwa kilichokatwa! Hata mtoto wa chekechea hampelekei mgonjwa. Nami nimempelekea, tena juu ya kisu! Nikajitetea kwamba kisu kinakunjwa, kwa hiyo kichwa kiko salama. Nikaombwa nitoke.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikati tamaa ng'o. Leo nimepeleka ua lisilodondoka: begonia ndani ya chungu, na mizizi yake yote. Mkamwana kanizuia mlangoni. Kasema baba mkwe anataka kurudi nyumbani, na mimi namletea kitu cha kuota mizizi kitandani? Kaniuliza kama siku hizi nauza majeneza. Nyuma yake, Kamiya! Kaja na tunda la tikiti, kajiziba pua kwa leso. Alicheka mpaka leso ikamwanguka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Samaki yuko kwenye kabati.

Mzee Hibino katoka hospitali, akapita karakanani na mkongojo wake. Akakifungua kisu changu, akakikunja, akakifungua tena. Akasema hajaona kazi safi hivi tangu baba yangu afariki. Kama ningetulia kwangu na kukileta leo kama wenzangu, kabati lingekuwa langu. Lakini sasa chama kizima kimesikia ya hospitali, na hakuna anayetaka hata kukitazama. Akajikongoja akaenda zake. Nimeumia. Nimeumia kweli. Fusae kampigia simu kaka yake: naanza kutwanga kesho kutwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeelewa kosa langu. Maua! Tatizo lilikuwa maua tu.

Bado nina leo. Mzee Hibino anahamia nyumba mpya aliyojengewa na mwanawe, mbao tupu kuanzia sakafu hadi paa. Chama kizima kitakuwepo. Nikimfurahisha, atamwomba Fusae anivumilie mwaka mmoja zaidi. Tangu alfajiri nachonga mpini mpya. Hakuna ua, hakuna mzizi. Nimechora miali ya moto, mirefu, inalamba mpini mzima. Na ili ajue ni zawadi yake hasa, nimechora paa la nyumba yake katikati.