Maoni ya Wananchi na Dume la Mzee Masalu

Watu wakibishana mbele ya chai, mtu wa kawaida huhamisha kikombe chake. Nasibu alisogeza kiti karibu. Ilikuwa asubuhi, kwenye kibanda cha Mama Esta pale Nyahanga, mjini Kahama, na ubishi ulikuwa umepamba moto: pesa ya manispaa ijenge stendi mpya ya mabasi kule kwenye viwanja vya juu, au ichimbe mtaro wa kuondoa maji yanayoingia majumbani kila mvua inaponyesha? Mmoja akasema stendi italeta biashara. Mwenzake akasema biashara gani, wakati yeye masika iliyopita alilala juu ya meza na kuku wake wote.

"Shida yetu," alisema yule wa stendi, "hakuna anayekuja kutuuliza."

Nasibu akaweka kikombe chini taratibu. Wiki nzima alikuwa akihangaika kutafuta jambo la kufanya mjini hapa, na sasa wananchi wenyewe walikuwa wanamwomba.

Tuelewane mapema: Nasibu hakuwa mwizi. Mwizi huchukua usiku, mwenye mali hayupo. Nasibu alichukua mchana kweupe, mwenye mali akiwepo, na mara nyingi akimsaidia kubeba. Kwao ni Handeni, lakini alikuwa amehama miji mingi, mingine kwa haraka kuliko alivyopenda, na safari hii alikuwa amechoka kweli. Maeneo ya Bulyanhulu rafiki yake Athanas alikuwa na duara, shimo la dhahabu lililobakiza kidogo kufika kwenye mwamba, ila wachimbaji walikuwa wamegoma kushuka na njaa. "Lete chakula cha kuwalisha mpaka tufike," Athanas alimwambia kwenye simu, "nawe unakuwa na mgawo wako kwenye mawe. Mwisho Jumamosi. Ikipita hiyo, namchukua mwingine." Nasibu aliutaka mgawo ule mpaka akauota. Alitaka pawepo mahali pamoja duniani ambapo akipita, watu waseme huyo ni bosi, badala ya kusema huyo mkamateni.

Kabla ya saa sita alikuwa amevaa kizibao chenye mifuko mingi na ameshika kishikwambi ambacho kioo chake kilikufa zamani. Nchi hii ina katiba na sheria zake, lakini mwenye kizibao na kishikwambi huingia mlango wowote bila kuulizwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mzee Masalu, mwenye vile viwanja vya juu. Alivinunua watu wakimcheka, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja stendi kama wengine wanavyongoja mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa bima?"

"Hapana, mzee. Nafanya utafiti wa maoni ya wapiga kura. Manispaa ianze na lipi, stendi au mtaro. Wananchi wakisema stendi, naandika stendi."

"Unaandika wanavyosema?"

"Naandika ninavyowaelewa."

Mzee Masalu akamtazama vizuri, akaona wameanza kuelewana. "Na kuelewa kwako kunategemea nini?"

"Mzee, kazi hii ni ya kutembea nyumba kwa nyumba. Mtu mwenye njaa huelewa vibaya sana."

Mzee akageukia zizini. Msukuma hatoi ng'ombe bila kumtazama mara ya mwisho. "Kuna dume jekundu pale. Linanivunjia uzio kila siku."

"Uzio ni muhimu, mzee."

"Ila isijulikane limetoka kwangu."

"Mzee, hata jina lako nimeshalisahau."

Jioni dume lilikuwa limefungwa nyuma ya gesti aliyofikia Nasibu. Gesti ilikuwa ya Mama Nelly, Apolonia kwa jina la ubatizo, mjane mpole wa sauti na mkali wa hesabu, ambaye watu walinong'ona kwamba ana mpango wa kugombea udiwani. Gesti yenyewe ilikuwa bondeni. Mvua ikinyesha, wageni wa vyumba vya nyuma walifuata viatu vyao barabarani. Nasibu aliona hapo pana maoni mazito ya kuvunwa.

Mama Nelly alikuwa anapepeta mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha.

"Na huyo ng'ombe uliyemfunga nyuma kwangu?"

"Ni wa mradi, Mama. Motisha kwa wasaidizi."

"Ana chapa ya Masalu."

Nasibu akakohoa.

"Gashi," Mama Nelly akasema, akirusha mchele hewani na kuudaka, "kumbe Masalu naye ameshatoa maoni. Basi na mimi nisipitwe. Yale magunia ya mchele pale stoo ni yako. Utayachukua Jumamosi."

Nasibu alitaka kumbusu ungo. Dume na mchele: wachimbaji wa Athanas wangeshuka shimoni wakiimba.

"Ila bhebhe, wewe, maoni utayahesabuje?" aliuliza mama. "Hapa kwetu mtu ukimfuata mlangoni atakwambia unalopenda kusikia, maana wewe ni mgeni. Kama unataka kujua watu wako upande gani, waitie ngoma Jumamosi. Tuna vikundi viwili vya wacheza ngoma vinavyoshindana: Wagika wacheze kwa ajili ya stendi, Wagalu kwa ajili ya mtaro, uwanja mmoja, muda mmoja. Watakaozungukwa na watu wengi zaidi, hao ndio wameshinda. Babu zetu walipimana hivyo."

"Ni mbinu shirikishi kabisa," alisema Nasibu, ambaye alikuwa anawaza lori. "Panga tu, Mama."

"Niseme ni wewe unayeita?"

"Sema ni mimi."

Mtu aliyezaliwa Usukumani angeuliza kwanza anaitaje na kwa gharama ya nani. Nasibu wa Handeni akaenda chumbani kwake, akampigia Luka, dereva wa fuso, waonane gesti Jumamosi asubuhi mapema, kabla ngoma haijaanza.

Jumamosi aliamshwa na ngoma. Zilikuwa mbili, zikigombana, na chini yake ulikuwa mvumo wa watu wengi. Akakimbilia nyuma akiwa amevaa kiatu kimoja. Pale alipofunga dume palikuwa na kamba. Ngozi nyekundu ilikuwa imetandazwa juu ya uzio, na upande wa pili akina mama walikuwa wakikoroga masufuria makubwa, wakiongozwa na Mama Nelly aliyejifunga kanga kiunoni.

"Mama, ng'ombe wangu."

"Pilau, na ule mchele wako umo," alisema Mama Nelly. "Wacheza wametoka mbali, wengine Ibadakuli huko. Anayeita ngoma ndiye anayelisha. Hukulijua hilo, mtafiti?"

"Mama Nelly, umeniibia."

"Nimekuibia ng'ombe wako?" Akamwonyesha kipaza sauti kilichokuwa juu ya meza. "Waambie wananchi ulimpataje. Kinafanya kazi, nimekijaribu."

Mzee Masalu naye alikuwa amefika. Aliitazama ngozi, akaitazama chapa yake, midomo ikamcheza. Lakini kulidai dume ilikuwa sawa na kueleza mbele ya Nyahanga nzima alilitoa kwa ajili gani. "Nyama nzuri," akasema mwishowe, kwa shida.

Uwanjani Wagika walicheza na majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka, na kwa muda watu walijaa kwao mpaka Mzee Masalu akaanza kutabasamu. Ndipo Mama Nelly akaamuru masufuria yapelekwe upande wa Wagalu, kwenye kivuli, akasema ni kwa sababu ya jua. Umati ukahama wote. Hata Wagika wawili watatu waliacha majembe yao chini na kwenda kuunga mkono mtaro, wakiwa na sahani.

Simu ikalia. Athanas. "Nasibu, Luka ameniambia amefika hapo amekuta sherehe, akaondoka. Nimempata mwingine, mtu wa Geita, amekuja na mahindi. Pole." Simu ikakatika. Nasibu alisimama katikati ya furaha ya watu wote, simu bado iko sikioni. Alikuwa ameliona lile shimo, ameusikia hata mwamba wake, na sasa lilikuwa linaliwa sahanini, limeungwa vitunguu.

Mama Nelly akamwekea kipaza sauti mkononi. "Tangaza matokeo. Jumatatu tutakusindikiza manispaa kuyapeleka, sote na ngoma zetu. Wananchi hawajawahi kuulizwa, hawataki yapotee njiani."

Nyuso zote zikamgeukia. Nasibu akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Wananchi wanataka mtaro," akasema, na lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilosema tangu aingie Kahama.

Wakampigia makofi mpaka vumbi likatimka. Mzee mmoja akauliza ng'ombe huyu ametolewa na nani, ili ashukuriwe. Mzee Masalu akatazama viatu vyake. Nasibu akakirudisha kipaza sauti mezani.

"Tumetoa," alisema Mama Nelly kwa upole, na jina lake likaanza kuimbwa upande mmoja, kisha wa pili. Nasibu akaenda kutafuta sahani, akakuta wanakwangua ukoko.