Kitambaa cha Bibi Harusi na Kompyuta ya Ndani

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Naliomba radhi daftari hili kwa kulitupa mkono tangu mwezi wa nne. Sikuwa na la kusema. Leo ninalo.

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Kila binti wa nyumba hii ameolewa akiwa ameshika kitambaa cha mkono chenye ua la marehemu mke wangu: petali saba, majani mawili, kikonyo kilichopinda kidogo kushoto. Alilichora mwenyewe. Alilishona kwa cherehani yake ya tarizi, ile inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta, mshono baada ya mshono. Ni miaka mitatu tangu atutoke. Cherehani ipo. Vitambaa vyeupe vipo, vitatu tu, alivyovikunja kingo kwa mkono wake. Ua limo ndani ya kompyuta yake, na kompyuta imekufa.

Leo asubuhi amekuja Mama Redio, fundi wa mtaa wetu, mwanamke wa makamo aliyeanza na redio akahamia kwenye kompyuta bila kubadilisha bisibisi. Ameichomoa diski ya marehemu, akayahamisha yote yaliyomo, kama yalivyo, kwenye kompyuta yangu mpya. Sasa ninayo kompyuta ndani ya kompyuta. Yeye huiita mashine pepe. Ukiifungua hutokea dirisha, na ndani ya dirisha kuna kila kitu cha mke wangu: picha yake ya kuku watatu, mafaili yake yamepangwa kama sahani kabatini. Nilivua kofia.

Shida ni moja. Programu ya tarizi ni ya zamani, na inaishi ndani. Cherehani imechomekwa nje. Inabidi kuichukua nje na kuikabidhi ndani. Mama Redio alinionyesha orodha ya vifaa, akasema nichague kimoja, nibonyeze palipoandikwa kabidhi, basi. Akaondoka, ana wateja wengine.

Orodha ilikuwa na vifaa vitatu, vyote kwa namba, hakuna jina hata moja. Nikachagua kilichotangulia kwenye foleni, kama adabu inavyotaka. Kilikuwa kipanya. Kikaingia ndani, hakikutoka. Kwa mishale ya kibodi nikachagua cha pili. Kilikuwa kibodi. Sasa mke wangu alikuwa na kipanya na kibodi, nami nilikuwa na kikombe cha chai.

Nilimwomba radhi, nikabana kitufe cha kuzima hadi kioo kikawa cheusi.

Alasiri amepiga simu shemeji yangu, ndugu wa marehemu, mpima ardhi mstaafu, mtu ambaye hajawahi kukosea kipimo wala kukosa kukutajia hilo. Amesema nisijisumbue. Anayo picha ya kitambaa cha zamani, na duka la kuchapisha fulana litalichapa ua kwa nusu saa. Yeye mwenyewe atamkabidhi bibi harusi mbele ya watu.

Kuchapa! Nilimwambia kwa upole kwamba cherehani iko tayari kabisa. Haikuwa kweli kabisa. Tumekubaliana: ikifika Ijumaa saa sita mchana kitambaa changu hakipo, kitatumika chake.

Jumanne, tarehe 5

Nimeamka mapema. Nimeichagua namba ya tatu. Ni cherehani! Lakini kompyuta ya ndani ikasema haioni kitu.

Nimempigia simu Mama Redio, nikamwomba radhi kwa kumkatizia kazi, nikamuuliza hali ya watoto wake, nikaeleza. Akasema kompyuta ya nje imeidaka cherehani kabla ya ya ndani kufika. Niiambie ya nje iachie kwanza, ndipo niikabidhi. Akanitajia mahali pa kubonyeza. Niliandika kwa kalamu mbili, nyeusi kwa hatua na nyekundu kwa hatari.

Saa tano na nusu ikakubali. Ua la mke wangu limefunguka kwenye kioo, kikonyo kimepinda kushoto vile vile. Nilikaa kidogo kabla ya kubonyeza chochote. Kisha nikafunga kitambaa cha kwanza kwenye fremu, sindano ikaanza. Majani, kisha kikonyo, kisha petali ya kwanza. Ya pili. Nilijiona kijana.

Saa saba chakula. Nikachomoa nyaya, nikaifunika cherehani kwa shuka lake la buluu, nikaenda kula, kama ilivyo desturi ya chumba kile.

Niliporudi nikachomeka, nikaendelea. Kompyuta ya ndani ikasema hakuna cherehani. Nikaisihi. Hakuna. Nilipojaribu kuanza upya kila kitu, ilirudi na kusahau ilipoishia, ikashona petali ya tatu juu ya ya kwanza. Kitambaa kimoja kimeharibika.

Vimebaki viwili. Nashuku umeme.

Jumatano, tarehe 6

Nimeamua kutafuta wataalamu. Kuna baraza la mtandaoni ambapo watu huulizana mambo ya mashine pepe. Nimewaandikia barua kama tulivyofundishwa na mapadri: salamu, radhi kwa kuingia bila kubisha, historia fupi ya cherehani, wasifu wa marehemu, hali ya hewa, shukrani. Kurasa mbili. Saa moja baadaye mtu mmoja akajibu: Mzee, pole kwa msiba, lakini swali ni lipi?

Nililisahau swali. Nikaandika barua ya pili kuomba radhi kwa ya kwanza.

Mwingine akauliza kama nimewahi kuichomoa cherehani kazi ikiwa inaendelea. Nikamjibu kwa moyo safi kwamba sijaichomoa zaidi ya kawaida. Hakuandika tena.

Nimeanza kitambaa cha pili. Majani yote mawili yametoka, safi, kikonyo kinaanza kupinda. Mara hodi mlangoni. Ni mjukuu mwenyewe, ametoka zamu hospitalini akiwa bado na sare. Nikachomoa, nikafunika, nikampokea. Ameniita mume wake mkongwe, akaniuliza kama nimeona wivu kiasi cha kukataa kumshonea kitambaa cha kwenda kwa mume mwingine. Nikamwambia huyo mwingine hajui hata kufunga vifungo vyake. Akacheka. Akasema kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akilala na kitambaa cha mama yake chenye lile ua, na alikuwa akizifuata petali kwa kidole hadi usingizi umchukue.

“Babu, sitaki kitu kingine,” akasema. “Hilo tu.”

Nikamwahidi. Nikarudi chumbani. Kompyuta ya ndani: hakuna cherehani. Kitambaa cha pili kimekwenda.

Kimebaki kimoja.

Jioni hii shemeji akapiga simu kuuliza kama cherehani inashona. Nikasema inashona sasa hivi tunavyozungumza. Akaomba kuisikia. Hapo nikafanya jambo ambalo mapadri wasingelipenda. Nikaiwasha mashine yangu ya kunyolea ndevu, nikaisogeza karibu na simu kwa ustadi, nikiiinua na kuishusha kama sindano ya kweli. Nilijivunia sana ule mpigo.

Shemeji akasikiliza muda mrefu.

“Shem,” akasema, “ukimaliza kukishona kidevu, nipigie.”

Alhamisi, tarehe 7

Nimemwita Mama Redio aje mwenyewe. Nimemwomba radhi mara tatu kwenye simu na mara mbili mlangoni. Aliniambia nikiomba radhi tena ataongeza bei.

Akakaa kwenye kiti cha marehemu. Akaunganisha, akaachisha nje, akakabidhi ndani, cherehani ikaitika mara moja. Akajaribu kwenye kipande cha shuka kuukuu. Ikashona. Petali, petali, petali. Hakuna tatizo. Akanitazama juu ya miwani. Nikasema labda cherehani inamheshimu zaidi.

Akasema anatoka kwenda ukumbini kupokea simu. Nami nikakumbuka chai. Nikainuka, nikachomoa nyaya, nikavuta shuka la buluu. Mama Redio alikuwa amesimama mlangoni, simu haikuwapo sikioni.

Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia sifanyi kitu, natoka tu. Akauliza kwa nini nimechomoa. Nikamweleza kwamba mwaka mmoja wa radi mke wangu aliona cheche ukutani, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetoka chumba hiki bila kuchomoa na kufunika. Si kuchomoa. Ni kutoka tu.

Mama Redio akakaa chini taratibu.

“Mzee wangu,” akasema, “kila ukichomoa na kuchomeka, kompyuta inaipa cherehani namba mpya. Wewe umeiandika kwa namba ya kiti ilichokalia. Imehama kiti. Ya ndani inasubiri kwenye kiti kitupu, maskini.”

Nilikumbuka darasa letu la misheni, mwalimu akimwita mtoto wa dawati la nne, na mtoto amehamia la sita. Nilielewa kabisa.

Akaendelea kwamba kila kifaa kina namba yake ya kitambulisho isiyobadilika, na nikiiandika hiyo badala ya kiti, kompyuta ya ndani itaitambua cherehani popote itakapochomekwa. Hilo tulifanye wiki ijayo bila haraka. Kwa kesho, nisiguse tu. Hata nyumba ikiwaka moto, nisiguse hadi sindano isimame. Akaizungushia plagi karatasi ya gundi, akaandika juu yake kwa kalamu yangu nyekundu: MZEE, ACHA.

Ijumaa, tarehe 8

Saa nne kasoro robo nimefunga kitambaa cha mwisho. Kazi yote inahitaji saa mbili na dakika kumi. Nilipiga hesabu na kuona nitamaliza saa sita kasoro dakika tano. Nafasi ya kutosha kwa mtu mtulivu.

Saa nne na nusu kiu. Sikutoka. Saa tano simu ikalia sebuleni. Sikutoka. Uzi ukakatika mara moja, nikaupitisha upya, dakika saba zikapotea. Sasa nitamaliza saa sita na dakika mbili. Nilianza kuomba radhi kwa watu wasiokuwapo.

Saa sita kamili shemeji akabisha hodi. Huja kwa saa, kama kawaida yake. Imebaki ncha tu ya petali ya mwisho. Mgeni yuko mlangoni, ndugu wa mke wangu, na mimi nimekaa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye plagi. Ukagusa karatasi. MZEE, ACHA.

Naandika hapa jambo nisilowahi kulitenda kwa miaka sabini na minne. Nilipaza sauti kutoka kitini: “Karibu, shemeji, ingia mwenyewe, siinuki!” Nikafumba macho kwa aibu.

Akaingia kwa kunyata, bahasha mkononi. Akavuta kigoda akaketi kando yangu, na wazee wawili tukatazama sindano ikimaliza petali ya saba. Ikasimama. Sita na dakika mbili. Shemeji akatazama saa yake, akaipiga piga kioo, akasema inakimbia mbele kwa dakika mbili, amekuwa akitaka kuipeleka kwa fundi. Haijawahi kukimbia mbele maishani mwake.

Kisha akafungua bahasha, kwa kuwa ameshalipia. Ua lake limechapwa vizuri, sikatai. Lakini picha aliyowapa ilipigwa marehemu akiwa amekishika kitambaa, na wale wa duka walichapa kila walichokiona. Pembeni ya ua kuna dole gumba. Ni lake. Hata kovu la pasi lipo.

Tukalitazama dole gumba kwa muda. Nikakohoa. Shemeji naye akakohoa.

Jumamosi, tarehe 9

Mjukuu ameolewa. Kitambaa changu alikishika mkono wa kulia, na nilimwona akizifuata petali kwa kidole wakati wa hotuba ndefu. Cha shemeji kilikuwa mkono wa kushoto, na hicho ndicho kilichomliza. Aliliweka dole gumba la bibi yake juu ya lake mwenyewe, likaenea.

Nimefurahi kwa moyo wote. Naomba ieleweke hivyo. Ila shemeji aliketi meza ya mbele akipokea pongezi kana kwamba alikusudia.

Wanawake wa ukoo wamekizunguka kitambaa changu wakiuliza nani fundi. Niliona haya kukaa kimya. Nimeahidi vitambaa kumi na viwili. Ijumaa. Shemeji alisikia, akasema na yeye atatoa kumi na viwili, vyote vyenye dole. Tukapeana mikono. Saa sita mchana.

Jumatatu, tarehe 11

Nimenunua vitambaa na mpango ninao: nitamzidi shemeji kwa kulishona dole gumba kwa uzi, kovu likiwemo.

Nimeutafakari ule ushauri wa Mama Redio kuhusu kitambulisho. Namheshimu sana. Lakini hiyo namba ni ndefu, yenye herufi na tarakimu, na kuiita cherehani ya mke wangu hivyo ni kama kumsomea mtu jina kituo cha polisi. Nimeiandika kwa kiti chake. Inatosha, tumezoeana. Ile karatasi ya gundi nimeibandua kwa uangalifu na kuihifadhi humu daftarini, ni kumbukumbu nzuri.

Kitambaa cha kwanza kinakwenda salama. Petali nne tayari, hazina dosari. Sasa ni saa saba. Nimechomoa nyaya zote, nimeifunika cherehani kwa shuka la buluu. Nitaendelea baada ya chakula.