Masafa Milioni Kumi kwa Sekunde

Mamlaka ya Masafa ilitangaza, kwa waraka wa kurasa kumi na moja na mihuri minne, kwamba kuanzia Jumatatu ile hakuna mtu atakayeruhusiwa kusambaza masafa ya aina yoyote bila kusajiliwa. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu kwa siku, kwa sauti nzito kama ya msiba wa kitaifa. Wenye mabasi ya masafa marefu walijua mara moja kwamba wao ndio wanaosemwa, wakauchuna. Aliyetii siku ile ile alikuwa mtu mmoja tu: fundi mstaafu wa mitambo ya redio, mama wa watu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Fundi. Yeye alidhani Mamlaka inazungumzia masafa ya mawimbi.

Kosa hilo halikuwa lake. Masafa ya redioni na masafa ya barabarani huandikwa kwa herufi zile zile, na Mamlaka haikuona sababu ya kuyabagua.

Bi Fundi alijaza fomu kwa mwandiko safi. Aina ya masafa: ya rejea. Yanapoanzia: rafu ya juu. Yanapoishia: mezani. Vituo: vinane, viwili vimezibwa. Mahali palipoandikwa "idadi kwa siku" alikata neno "siku" kwa rula, akaandika: milioni kumi kwa sekunde.

Karani wa mapokezi alipoisoma fomu ile aliomba maji ya kunywa.

Kesho yake asubuhi faili likatua mezani kwa Mkaguzi Mwandamizi, ambaye wenzake walimwita Kipengele kwa kuwa hakuweza hata kuagiza chai bila kutaja kipengele cha kanuni. Kipengele aliipenda Mamlaka kwa moyo wake wote. Mamlaka haikuwa na habari.

"Milioni kumi kwa sekunde!" Mkurugenzi Mkuu alifoka. "Nchi hii ina magari mangapi? Huyo mama ana mtandao. Tangulia ukampime. Saa nne nakuja mwenyewe kumfunga."

"Kumfunga yeye, mheshimiwa, au kufunga kituo?"

"Chochote kitakachokuwa karibu."

Kipengele alitarajia kukuta uwanja wa mabasi. Alikuta chumba cha uani chenye dirisha moja, meza ndefu, na vipimo vya umeme vilivyopangwa mpaka darini. Rafuni juu palikuwa na kisanduku cha bati chenye joto kidogo, na kando yake kingine chenye matundu manane. Sita yalitoa waya nyeusi zilizoshuka kwenda kwenye vipimo. Mawili yalikuwa na vizibo. Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya zahanati alikuwa amekaa kwenye kigoda, amepakata begi.

"Karibu, mwanangu," Bi Fundi alisema bila kuinua macho. "Huyu ni mdogo wangu, mkunga. Usikanyage waya."

"Shikamoo, mama. Kwa mujibu wa kipengele cha tisa, nimekuja kukagua. Unakiri kwamba unasambaza masafa?"

"Nasambaza."

"Ya rejea. Maana yake ni ya kwenda na kurudi."

"Maana yake ni ya kurejelea. Sikiliza. Kila kipimo unachokiona hapa kina saa yake tumboni, na kila saa ni bishi. Nikiviachia, kila kimoja kitasema lake na vyote vitaapa. Kwa hiyo kile kisanduku cha juu kinasema ukweli, hiki cha matundu kinaugawa, na vyote vinasikiliza."

"Kama Mkurugenzi na idara zake," Kipengele alisema kwa heshima.

"Ee. Ila kile hakibadilishi kauli."

Kipengele aliandika hilo bila maoni. Kisha alitoa futi ya kamba akapima waya zote sita. Ndefu kuliko zote ilikuwa mita moja na nusu. Alipiga hesabu, akagundua kwamba safari ya mita moja na nusu hairuhusiwi kuuza vinywaji njiani, akaandika na hilo.

"Na huyu ni abiria?" aliuliza, akimwonyesha mkunga.

"Mimi nasubiri mashine yangu, kaka," mkunga alijibu. Alionyesha mezani, ambapo kifaa kidogo cheupe kilikuwa kimefunuliwa. "Inasikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Zahanati nzima tuna hiyo moja, na tangu juzi inadanganya. Nimemwacha mama mmoja wodini, mtoto wake kachoka. Nisipojua moyo unakwendaje, sijui kama nisubiri au nimkimbize kwa daktari."

"Nimeshairekebisha," Bi Fundi alisema. "Imebaki kuihakikisha kwa rejea. Dakika ishirini. Lakini mkizima kile kisanduku, kinapoa, na mpaka kitulie tena mtoto atakuwa ameshajizaa mwenyewe."

Kipengele alihisi kitu kikimbana kifuani. Alipekua kanuni zake haraka haraka kutafuta jina la hisia hiyo. Hakulipata. Alikuwa anaona huruma.

Saa nne kasoro, nje palisikika honi. Mkurugenzi Mkuu aliingia tumbo likitangulia, dereva wake nyuma akibeba mkoba. Alitazama rafu, alitazama waya, akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea kuelewa mambo kabla ya kuelezwa.

"Hiki ndicho kituo kikuu?"

"Mheshimiwa, nipe dakika ishirini tu," Bi Fundi alisema. "Kuna mzazi anasubiri."

"Mama, utawala haungoji." Alichukua kalamu, akaandika amri mpya juu ya meza ile ile, akampigia simu Naibu wake na kumsomea neno kwa neno ili itangazwe redioni papo hapo: "Masafa yote, ya aina yoyote, yasimame mara moja pale yalipo. Mtumishi yeyote atakayeyaruhusu kusogea hana kazi. Amri hii itafutwa kwa mhuri wangu tu, ofisini kwangu." Akakata simu. "Kipengele, tekeleza."

Kipengele aliisoma amri mara mbili. Ilikuwa amri nzuri, fupi, yenye nukta mahali pake. Alimgeukia Bi Fundi.

"Mama, masafa yako yanasogea?"

"Yasogee yaende wapi?" Bi Fundi aliwasha kipimo chenye namba za kijani, kile alichokuwa akikitumia kukikagua kisanduku chake. Kilisoma moja na sifuri saba. Walikitazama wote watano. Dakika ikapita. Hakuna sifuri iliyotikisika.

"Yako hapo tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu."

Kipengele alifunga daftari. "Mheshimiwa, haya yameshasimama. Yalitii kabla hujaamuru. Kuyazima ni kuyaondoa pale yalipo, na hilo amri yako inakataza." Akaandika cheti cha utii, akakipiga mhuri mdogo aliotembea nao, akampa Bi Fundi. Bi Fundi akaendelea na kazi yake. Dakika kumi na tisa baadaye mashine ilikuwa tayari, na Kipengele akaibandika cheti chake: *Inafuata masafa yaliyosimama.*

Mkurugenzi, ambaye muda wote huo alikuwa akitafuta kosa katika cheti, alichoka. "Haya, tumalize. Dereva, tuondoke."

Dereva hakutikisika. "Bosi, redio imesema masafa yote yasimame. Kutoka hapa mpaka ofisini ni kilomita saba. Nina watoto wanne, sitaki kufukuzwa."

"Mimi ndiye niliyesema!"

"Ndiyo maana naogopa."

Wote walimtazama Kipengele. Alifikiri kwa makini, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa Mamlaka.

"Gari linaweza kwenda likibeba kifaa chenye cheti," alisema. "Pamoja na mwenye kifaa. Kiti kimoja."

Mkunga hakungoja tafsiri. Alikumbatia mashine, akamwambia dada yake "asante" akiwa tayari mlangoni, na gari jeusi la serikali likatoka uani likipiga honi kuelekea zahanati.

Mkurugenzi alibaki katikati ya chumba. Aliinua mguu mmoja, akaona kalamu ya Kipengele ikishuka kwenye daftari, akaurudisha.

"Kalete mhuri wangu," alinong'ona.

"Kwa miguu gani, mheshimiwa? Hata mimi ni mtumishi."

Bi Fundi alimsogezea kigoda, akafikiri, akakiacha hatua moja mbali naye aamue mwenyewe kama kukaa ni kusogea. Mkurugenzi alitoa simu akampigia Naibu.

"Nakuamuru uniletee mhuri sasa hivi!"

"Ningekuja mbio, mheshimiwa," sauti ya Naibu ilijibu, tulivu na yenye adabu. "Lakini amri yako imenikuta nimekaa, na siruhusiwi kusogea."

"Umekaa wapi?"

Simuni ikasikika sauti ya ngozi laini ikiitikia mwili wa mtu anayejiweka sawa.

"Kwenye kiti chako, mheshimiwa."