Sentensi Tatu za Marnie, na Supu Yangu

Jumamosi, 28 Oktoba
Maombi ya chuo ya binti yangu Marnie yanafungwa Jumatano. Leo kanionyesha maelezo ya kwa nini alama zake ziliporomoka mwaka jana. Sentensi tatu! Aliugua homa ya tezi Januari hadi Machi. Fizikia ikashuka hadi C. Kapona, sasa ana A. Basi! Orodha ya dukani huwa ndefu kuliko hiyo. Theluji ya miezi ile iko wapi? Supu ya tambi niliyompikia je? Nikamwambia aniachie mimi. Akasema, Baba, tafadhali usiguse. Nimelihesabu hilo kuwa idhini.

Jumapili, 29 Oktoba
Nimeandika tangu kahawa ya kwanza. Kurasa nne. Kila kitu kimenirudia: sofa la kijani, blanketi lake la picha za bata, madirisha yaliyoganda. Alikuwa na miaka kumi na sita, umri wa kutomsemesha baba. Lakini koo lilipovimba alikubali nimsomee hadithi, kama zamani. Mungu anisamehe, zilikuwa wiki tamu.
Jirani yangu Hutchins, tukikusanya majani makavu uani, akatamba kwamba amemwajiria mwanawe mshauri wa maombi ya chuo. Nikamwambia sisi tuna mwandishi. Akauliza nani huyo. Nikazidi kukusanya majani.

Jumatatu, 30 Oktoba
Nimempelekea kurasa zangu kwa siri Bi Petrakis, mshauri wa shule. Alivua miwani mara mbili. Akasema chuo kinataka kujua nini kilitokea, lini, na mtoto aliinukaje. Mengine atayathibitisha yeye kwa barua yake. Eti supu imetajwa mara kumi na moja, fizikia mara moja! Akaniuliza kwa upole ni nani hasa anayeomba chuo. Swali gani hilo? Nikaahidi kupunguza. Nimepunguza supu mbili.

Jumanne, 31 Oktoba
Balaa! Marnie kazikuta karatasi kwenye printa. Nilingoja radi. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Eti, Baba, mbona mgonjwa humu ni wewe? Kisha akauliza blanketi la bata liko wapi. Kabatini, nikasema. Akasema ataondoka nalo.
Ataondoka nalo! Chuo chenyewe ni mwendo wa saa tisa kwa gari. Bahati nzuri watoto waliojivika kama mazimwi, desturi ya usiku huu kila mwaka, wakagonga mlango kudai peremende. Nikaenda kuwafungulia, nikakaa huko huko mlangoni kitambo.

Jumatano, 1 Novemba
Katuma. Sentensi zake tatu, hakuongeza hata nukta. Mke wangu Lorraine kasema, haya mzee, angalau umepata funzo. Nimekiri kwamba nimelipata.
Kisha nikachapa upya kurasa zangu. Ni tano sasa. Zile supu mbili nimezirudisha. Nikabandika stempu, nikatumbukiza bahasha ya kwenda chuoni kwenye sanduku la posta pale kona.
Wakimchukua mtoto wangu, angalau wajue supu yake hupikwaje.