Kochi Lililotugeuzia Mgongo

Jumatatu, 4 Mei

Kichwa changu kimeniponza tena. Mwalimu wa jiografia aliuliza nani atawapokea wenzake watano Jumamosi, wachore pamoja ramani ya mtaa. Mimi nilikuwa nje ya dirisha kimawazo. Nikahisi macho ya darasa usoni, nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia ndiyo njia fupi ya kuachwa.

Sasa wanakuja kwetu. Na yumo yule tunayemwita Miwani. Nimekaa nyuma yake mwaka mzima na nimemwambia maneno mawili tu: "samahani" na "haya".

Nasoma kwa lugha mbili. Nikisemeshwa ghafla, zote mbili hukimbilia mlango mmoja zikakwama hapo.

Halafu sebule yenyewe. Baba ni mwashi, anaamini katika kona. Kochi letu limenyooka kama benchi la zahanati. Wageni hukaa mstari mmoja kama wanaosubiri kuitwa kudungwa sindano.

Jumanne, 5 Mei

Dawa imepatikana. Maktabani kuna jarida la mapambo ya nyumba, kwa lugha ile nyingine ya darasani. Linasema nyumba ya kisasa haitaki kona. Kochi likipinda, wageni hujisikia wamekumbatiwa na mazungumzo hujiendea yenyewe. Sentensi hiyo nimeisoma mara nne. Yajiendee yenyewe. Bila mimi!

Kochi ni la Mama. Ni muuguzi, akitoka zamu hujinyoosha pale, miguu juu, na sisi hupumua kwa ruhusa. Lakini yuko mafunzoni hadi Jumapili. Nikamwambia Baba kochi linalia likikaliwa, Mjomba alikaze kidogo. Baba akasema sawa, mradi lirudi limenyooka. Nikaitikia.

Jumatano, 6 Mei

Karakana ya Mjomba. Ni kaka yake Mama, seremala wa madawati ya shule. Alipoiona picha kwenye jarida aliweka randa chini. Akasema miaka kumi na tisa anasubiri mtu amwombe kitu kilichopinda kwa makusudi.

Akapiga magoti, akachora upinde kwa chaki sakafuni. Akasimama upande mmoja, akauliza, "Wanakaa huku, mpwa wangu?"

Sikuelewa huku ni wapi. Upinde ni upinde. Lakini kumwomba mtu arudie ni kumwomba akutazame mara mbili. Nikaitikia.

Ijumaa, 8 Mei

Kochi limerudi. Zuri kwa kweli. Kitambaa kilekile cha kijani, hakina hata kunjo.

Ila limepindia nje. Limetoa tumbo mbele kama mtu aliyetoka harusini. Ukikaa kushoto unatazama jikoni. Ukikaa kulia unatazama mlango wa bafu. Wa katikati yuko peke yake duniani.

Mjomba akajipangusa vumbi la mbao na kuniuliza kama si mimi mwenyewe niliyekubali. Ni mimi mwenyewe.

Baba akaleta pima maji yake, akaiweka juu ya mgongo wa kochi, akangoja kiputo kitulie. Hakikutulia. Akasema hili kochi limetununia. Akauliza kama Mama anajua. Nikaanza kupangusa vumbi la mbao, naye akatoka nje kwenda kuutazama ukuta wa ua alioujenga mwenyewe.

Jambo moja. Kati ya mgongo wa kochi na kona ya chumba limebaki shimo. Linamtosha mtu mmoja aliyekunja magoti. Nimelijaribu. Kwa ajili ya kufagia tu.

Jumamosi, 9 Mei

Walipiga hodi saa nne. Nilikusudia kufungua mlango. Nikajikuta shimoni.

Baba akawakaribisha, akawaambia nipo, nilikuwepo sasa hivi. Wakakaa. Mmoja akauliza wenzake wamevaa nini maana hawaoni. Mwingine akasema yeye abiria tu, wamwambie basi likifika. Wakacheka sana. Nikaamua kuishi humo hadi chuo kikuu.

Kisha penseli ikadondoka kwa nyuma, na uso wa Miwani ukaifuata.

Tulitazamana. Lugha zangu zote mbili zikaondoka. Miwani hakushangaa. Alinong'ona kuuliza kama pana nafasi ya mtu wa pili. Yeye kwao hujificha stoo, akasema, lakini huku kuna hewa.

Nikajibana, akaingia na ramani. Tulichora mitaa mitatu bega kwa bega tukitazama ukuta, wenzetu wakitutajia barabara kutoka juu. Na kwa kuwa hatukutazamana, niliongea. Niliongea hata kuhusu mitaro ya maji machafu. Miwani akasema, "Sikujua kwamba unachekesha."

Jarida lilisema kweli. Limekosea upande tu.

Jumapili, 10 Mei

Mama amerudi. Alilitazama kochi, mkoba ukiwa bado begani. Akakaa. Akajinyoosha kama kawaida yake. Akateleza polepole, kwa heshima zote, hadi kwenye zulia.

Akiwa palepale chini akauliza ni nani kafanya hivi. Baba akakumbuka kazi ya nje.

Nikaungama yote: kichwa, jarida, chaki, shimo. Mama akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, ungesema 'hapana' moja tu Jumatatu, mimi saa hii ningekuwa juu."

Kisha akataka kuliona shimo. Akaingia na chai yake. Alitoka baada ya nusu saa akiwa mpole kidogo. Hata hivyo, kochi linyooshwe.

Nimeapa. Kuanzia leo nitasema hapana. Nisipoelewa nitauliza. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, kwa lugha zote mbili. "Hapana" inatoka vizuri sana.

Jumanne, 12 Mei

Mwalimu ameipenda ramani. Akauliza kama Jumamosi darasa zima linaweza kuja kwetu kuimalizia. Miwani akageuka kunitazama. Nikaitikia.

Nimefika nyumbani nikamkuta Mjomba kaja kulichukua kochi, chaki sikioni, lakini anaitazama meza ya chakula. Ina kona nne. Nilipomtajia darasa zima la Jumamosi akasema inasikitisha, wageni wengi hivyo na kona zote hizo. Baba yuko kazini, Mama yuko zamu.

Mjomba akapiga magoti, akachora kitu sakafuni, akauliza kama wanakaa huku.

Niliutazama mchoro kwa makini, kwa muda mrefu, kama mtu anayeelewa. Kisha nikaitikia.