Kimya cha Lazima Kati ya Wimbo na Wimbo

Ninayo furaha kuutangazia umma wa Eastlands, kuanzia Dandora hadi Mbotela, kwamba ule uzembe wa wimbo kuisha na mwingine kuingia hapo hapo bila hata kubisha hodi umekomeshwa. Kanuni ya Kimya imeanza kutumika. Kila wimbo ukiisha, muziki utanyamaza nusu dakika ili mwananchi apate kutafakari maendeleo. Wakati wa Kimya hakuna kusema, hakuna kugusa mitambo, na chombo chochote kitakacholia kitabebwa papo hapo. Mimi ni Luseno, Afisa wa Kimya katika Idara inayosimamia Kanuni hii, tawi la Umoja. Niliyoyaona siku ya uzinduzi yalikuwa mafanikio matupu, na wanaocheka wacheke tu.

Operesheni yetu ya kwanza ilikuwa saluni ya Kalekye. Tulikuta nyimbo zinafuatana moja kwa moja, wateja wako chini ya draya wakitikisa vichwa bila kutafakari chochote. Tukabeba spika zake mbili.

Kesho yake alikuja ofisini.

"Luseno, mdogo wangu."

"Hapa mimi ni Afisa."

"Haya, Afisa mdogo wangu. Nirudishie spika. Jumamosi kuna harusi Mbotela na muziki ni mimi. Nikiwaangusha hao, nani ataniita tena? Unajua saluni peke yake hainilishii watoto."

"Spika zako ziko chini ya uchunguzi."

"Uchunguzi wa nini? Kwani zimeua mtu?"

Moyo uliniuma, sitaficha. Lakini moyo wangu hauna mamlaka ya kuidhinisha kitu. Nikamwambia nitamuulizia kwa Mkurugenzi.

Uzinduzi ulifanyika Alhamisi mchana, uwanjani. Idara haina spika, kwa hivyo tulitumia za Kalekye, kama vielelezo. Orodha ya nyimbo niliipanga mwenyewe kwenye simu ya ofisi: wimbo, Kimya, wimbo, Kimya, mpaka mwisho. Kila Kimya kilikuwa rekodi kamili ya nusu dakika isiyo na kitu ndani. Tuliipeleka kwa wataalamu wakaisikiliza na kuipitisha.

Mkurugenzi wetu, Bwana Mulama, aliikagua ile orodha akakunja uso.

"Luseno, huu wimbo wa kwanza ni wa wapi?"

"Ni wa Kiluhya, mkubwa."

"Na sisi ni nani?"

"Waluhya, mkubwa."

"Sasa unataka watu waseme nini? Wakamba wanune, Wasomali wanune! Bonyeza simu izichanganye yenyewe. Simu haina kabila."

Nikabonyeza. Na kweli simu haina kabila, maana ilichanganya nyimbo na Kimya vilevile, bila upendeleo. Baadaye niligundua kwamba nyimbo karibu zote zilikuwa zimeangukia mbele, na Kimya kikarundikana huko nyuma.

Umma ulijaa. Kalekye alikuja na wanawake wawili wa saluni yake, wakakaa mstari wa mbele, macho kwenye zile spika. Vijana wakanipigia kelele, "Niaje, Afisa! Hiyo kimya inaanza lini, ama mnatubeba ufala, mnatuona wajinga?" Wimbo ukaingia, ukafuatwa na mwingine, na mwingine, hakuna Kimya. Hata mimi nilianza kutokwa jasho. Muziki ulikuwa juu, ikabidi nimpigie Mkurugenzi kelele sikioni.

"Mkubwa! Kalekye anaomba spika zake! Ana harusi Jumamosi!"

Naye akapiga kelele sikioni mwangu. "Mwambie tunachunguza! Huyo asahau! Hizo spika nishampa shemeji yangu wa baa!"

Wimbo ulikuwa umeisha kabla ya neno "asahau". Yaliyobaki yalifika mpaka kwenye vibanda vya sukuma wiki ng'ambo ya barabara.

Kimya kikaanza. Nusu dakika ikapita, kikaanza kingine. Halafu kingine. Mkurugenzi akanizungushia mkono, yaani weka muziki, weka muziki! Nikamwonyesha Kanuni: hakuna kugusa mitambo. Akafungua mdomo ajitetee, na uwanja mzima ukaweka kidole midomoni. Tangu nizaliwe sijawahi kuona raia wakitii sheria kwa moyo mmoja namna ile.

Kalekye akasimama. Akavua viatu asije akavunja Kimya. Akanyata hadi mbele, akachomoa nyaya polepole, na wale wenzake wakanyanyua spika kama wanaobeba mtoto aliyelala. Mkurugenzi akawa anaruka ruka pale, hana sauti. Mwisho akakimbilia gari lake la kazi, akaingiza mkono dirishani, akapiga honi kuwaita askari wetu wamzuie yule mama.

Piiiii!

Askari wakanitazama mimi. Mimi nikaitazama simu: Kimya kilikuwa katikati. Wanangu hao niliwafunza mwenyewe, chombo kikilia, bebeni. Nikanyoosha kidole kwenye gari.

Kuliwasha haikuwezekana, maana injini nayo ni kelele. Ikabidi lisukumwe. Vijana wakajitolea bila kuombwa, akina mama wakaongezeka, hata muuza mahindi akaacha jiko lake akaja kushika buti. Gari likatoka uwanjani taratibu kuelekea ghala la Idara, na hapakusikika hata kikohozi. Upande wa pili Kalekye alikuwa ameshapakia spika kwenye mkokoteni. Alinipungia mkono, nami, Mungu anisamehe, nikampungia.

Mkurugenzi akanijia kwa vidole vya miguu. Akaninong'oneza, jasho likimtiririka:

"Luseno, sasa mimi nitafika nyumbani na nini?"

Nikaweka kidole mdomoni. Kimya kingine kilikuwa ndio kwanza kinaanza.